Duka la plaiwudi Buguruni: kukata wako vizuri, hesabu nenda nayo mwenyewe

Jina la duka siweki maana sitaki kesi na mtu, ila nyota 3 kati ya 5. Nilikua nataka sanduku la kuwekea mablanketi la futi 4 urefu, 2 upana, 2 kimo. Kijana wa kaunta akachukua kalkuleta, 4 mara 2 mara 2, "futi 16 broo, nusu plaiwudi inakutosha kabisa". Plaiwudi nzima si 4 kwa 8 ndio 32, nusu yake 16, nikaona mbona imekaa sawa, nikalipa na guta juu.

Fundi kuona tu akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe jamaa kapiga ujazo, yani mablanketi yatakayoingia ndani, sio mbao za kulifunika! Mche mstatili wa shuleni ule jamani, tumeusoma wote.

Narudi kesho yake nimevimba, nikamkuta mzee mmoja wa kwenye mashine akanichorea kwenye kipande cha boksi. Nyuso sita zinaenda mbili mbili: juu na chini 8 na 8, mbele na nyuma 8 na 8, ubavuni 4 na 4, jumla 40. Akauliza, chini una chochote? Nikamwambia kuna hadibodi ya kabati bovu. Basi toa 8 inabaki 32, ongeza nusu nyingine umemaliza. Nusu ya kwanza ikatoa vipande viwili vya 4 kwa 2, ya pili ikatoa kimoja cha 4 kwa 2 na viwili vya 2 kwa 2, hakuna hata kipande cha kutupa. Na kukata kwao hapo siwadanganyi, kona zimenyooka na kingo hazijachanika.

Ila hata mzee kuna kitu kilimpita, ile plaiwudi ni ya mm 18, sasa mbavu zikibanwa katikati ya mbele na nyuma sanduku linanenepa karibu sm 4 na mfuniko unakua mfupi. Fundi akazipunguza mbavu upana kidogo ndo ukakaa.

Hela ya guta la pili nilimdai yule kijana, akaniambia boss hayupo. Ukienda mpite yeye, nyoosha mpaka kwa mzee wa mashine.