Pampu ya sirinji kwa noradrenalini: inasukuma vizuri, kengele ndiyo huchelewa

Kwa dawa ya kupandisha presha kama noradrenalini, pampu ya sirinji ya mililita 50 inaiacha mbali dripu ya kuhesabu matone. Miligramu 4 zikichanganywa na dextrose 5% (maji ya sukari) hadi kufika mililita 50, kila mililita hubeba maikrogramu 80. Mgonjwa wa kilo 60 aliyeandikiwa maikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika anahitaji mililita 4.5 kwa saa. Kwa seti ya dripu ya matone 60 kwa mililita, hayo ni matone manne na nusu kwa dakika. Akikunja mkono tu, hesabu imeharibika. Pampu hushika mwendo huo bila taabu.

Kasoro yake ni kengele ya kuziba. Mrija ukibanwa chini ya mgonjwa, pampu haishtuki mpaka msukumo ufike kiwango kilichowekwa. Kwa mililita 1 kwa saa, nusu saa na zaidi inaweza kupita kimya, na nguvu ya noradrenalini huisha mwilini ndani ya dakika chache. Presha itashuka kabla pampu haijalia. Kwa hiyo weka kengele kwenye kiwango cha chini, na macho yabaki kwenye presha. Ikilia, usikimbilie kunyoosha mrija: dawa iliyobanwa itaingia yote kwa mkupuo. Funga koki ya mrija upande wa mgonjwa, ondoa msukumo uliojikusanya mrijani, ndipo ufungue.

Menyu ya aina ya sirinji ndipo wengi wanapoteleza. Pampu haipimi dawa, inapima mwendo wa pistoni. Ukichagua kampuni isiyo ya sirinji uliyoweka, kipenyo hakilingani: skrini inasoma 4.5, mgonjwa anapata kingine.

Ukishapakia sirinji, jaza mrija kwa kitufe cha pampu mpaka tone litoke nchani, ndipo uunge kwenye kanyula (kijimrija cha plastiki kilicho mshipani). Vinginevyo dakika za mwanzo zinaishia kuziba pengo kati ya mkono wa pampu na pistoni. Iweke usawa wa moyo. Ukiipandisha kwenye stendi ikiwa inafanya kazi, umempa mgonjwa dozi ya ziada.

Betri? Usiitegemee; pampu ichomeke umeme muda wote.

Kanyula iliyotoka mshipani ndiyo pampu haiioni kabisa. Itasukuma tu dawa kwenye nyama. Ngozi ikipauka na kuwa baridi hapo, simamisha, hamishia dawa mshipa mwingine mara moja, mwite daktari. Kanyula ya zamani usiichomoe kabla ya kuvuta dawa iliyobaki ndani yake.