Mabomba ya majitaka ya PVC ya kijivu kwa bafu la ghorofani, Shangani Mtwara: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni kwa sababu ya klipu za bati za kushikia mabomba ukutani; mabomba yenyewe sina neno nayo.

Bafu liko ghorofa ya kwanza: choo cha kukaa, beseni la kunawia, na shawa yenye trapu ya sakafuni (kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu). Mabomba haya huja kwa urefu wa mita 6. Mawili ya inchi 4 yalitosha bomba la wima, venti (bomba la hewa) hadi juu ya paa, mkono wa choo (bomba la kulala linalotoka chooni) na kipande cha kufika chemba ya majitaka. La inchi 2 moja likahudumia shawa, na beseni likatumia inchi moja na nusu.

Nunua choo kabla slabu haijamwagwa. Vingine hutoa uchafu kwa nyuma, vingine kwa chini, na umbali wa tundu kutoka ukutani hutofautiana. Pima choo chako mwenyewe, kisha weka kipande cha bomba la inchi 6 kwenye mbao za slabu ili nafasi ibaki wazi. Fundi akija kutindua zege baadaye, atakata nondo.

Mteremko wa mabomba ya kulala niliomba uwe sentimita 2.5 kwa kila mita, na mafundi wakaushika kwa pima maji. Bomba likilala sawa, uchafu unatulia humo. Bomba la beseni lisizidi kama mita 1.7 kutoka trapu hadi bomba la wima likiwa jembamba, na lisiingie upande unaotazamana na mkono wa choo, sentimita 20 za kwanza chini yake, kwa maana uchafu wa choo utarushwa humo.

Venti ndiyo sehemu inayopuuzwa mno, na naona ni kosa kubwa. Maji ya choo yakishuka kwa kasi huvuta hewa. Isipopata njia kutoka juu, hewa hiyo huvutwa kupitia trapu, na yale maji ya sentimita 5 au 7 yanayozuia harufu huondoka nayo. Ile sauti ya gluglu kwenye beseni kila choo kinapoflashiwa ndiyo dalili yake. Utaambiwa septiki ina bomba lake la hewa, basi inatosha. Haitoshi: lile linahudumia shimo, na hewa inahitajika kichwani mwa bomba la wima. Wengine huikatia venti darini, harufu ikajaa juu ya dari na kushuka vyumbani. Ipeleke inchi 4 ile ile hadi nje, izidi kwa sentimita 90 sehemu ya juu ya dirisha lolote lililo ndani ya mita 3, pamoja na madirisha ya jirani, kwani kusi ikivuma harufu haichagui ua. Juu weka kofia yenye wavu. Pale inapotoboa bati, tumia kola ya raba. Silikoni peke yake huachia bomba linaporefuka na kufupika kwa joto.

Chini ya bomba la wima pigeni elbo mbili za nyuzi 45, si moja ya 90, na moja iwe na mfuniko wa kuzibulia.

Viungo vya raba navipenda kuliko vya gundi kwa bomba la wima. Mita 4 za PVC hurefuka karibu milimita 5 joto likipanda nyuzi 20, na la ukutani huku linapigwa jua mchana kutwa. Sukuma bomba hadi mwisho wa soketi, weka alama, kisha lirudishe milimita 10. Lainisha kwa sabuni ya maji. Grisi ya gari hula raba.

Sasa klipu. Zile za bati nilizouziwa zilianza kutu mapema kwa hewa ya chumvi. Chukua za plastiki na skrubu za chuma kisichoshika kutu, kila mita 2 kwa wima na kila mita 1 kwa inchi 4 iliyolala. Inchi 2 ikaze kila nusu mita.

Kabla ya vigae, ziba chini, jaza maji hadi usawa wa sakafu ya bafu, subiri nusu saa, ukipapasa kila kiungo kwa karatasi kavu.