Kompyuta uliyojiundia imegoma: vifaa vya kutafutia ubovu, kuanzia cha kununua kwanza hadi cha kuachana nacho

Kompyuta uliyojiundia haina dhamana ya mashine nzima. Kila kipande kina duka lake na risiti yake, na kila muuzaji atakwambia ubovu uko kwenye kipande cha mwenzake. Kifaa cha kupimia tunakihukumu kwa jambo moja: kinapunguza washukiwa wangapi kwa hela uliyotoa?

Kabla hujatoa hela yoyote, angalia mambo mawili. Kebo ya prosesa ya pini 8 (4+4), ile ya kwenye kona ya juu ya mazabodi, husahaulika sana. Bila hiyo feni zinazunguka vizuri tu, skrini nyeusi tii. La pili, kama RAM ni ya kizazi cha DDR5, mwasho wa kwanza unaweza kuchukua dakika kadhaa. Mazabodi inakuwa inajipanga na RAM, kwa hiyo usiizime katikati.

1. Spika ndogo ya mazabodi

Hiki ndicho cha bei ndogo kuliko vyote, na keisi nyingi za siku hizi haziji nacho. Kina plagi ya pini nne (zinazotumika ni mbili), huchomekwa palipoandikwa SPEAKER. Faida yake kubwa ni jaribio hili: zima, chomoa umeme, toa RAM zote, washa tena. Ikianza kupiga kelele, prosesa na mazabodi viko hai, na mshukiwa ni RAM, sloti zake au kadi ya grafiki. Ikinyamaza kimya, rudi kwenye pawa saplai, mazabodi au prosesa. Idadi ya milio na maana yake hutofautiana kwa BIOS (programu ya msingi ya mazabodi), kwa hiyo fuata kitabu cha mazabodi yako, si jedwali la kuokota.

Kama mazabodi ina taa nne za CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia) (ASUS huziita Q-LED, MSI huziita EZ Debug LED), ruka kipengele hiki. Taa inayobaki inawaka ndiyo inayokuonyesha ilipokwama.

2. Multimita

Ukinunua kitu kimoja tu cha kulipia hela ya maana, kiwe hiki. Multimita ya njano ya aina ya DT-830 inatosha kwa volti za ndani ya kompyuta. Tafuta yenye mlio wa kupimia waya uliokatika. Ila angalia tundu la 10A: mara nyingi limeandikwa UNFUSED, yaani halina fyuzi. Ukisahau waya mwekundu humo kisha ukapima soketi ya ukutani, umepiga shoti umeme wa nyumba. Na betri yake ya 9V ikichoka, namba zinapanda kwa uongo. Ukipima betri mpya ya AA ukaona volti 1.9, tatizo ni multimita.

Pawa saplai inapimwa hivi. Chomoa plagi ya pini 24 kwenye mazabodi, washa swichi ya nyuma, pima waya wa zambarau (pini 9) ukilinganisha na mweusi. Uwe na volti 5 hata kabla ya kuwasha kitu kingine. Kama hazipo, pawa saplai imekufa. Zima swichi, unganisha waya wa kijani (pini 16) na mweusi wa jirani yake kwa klipu ya karatasi, kisha washa. Mipaka ya ATX (kiwango cha pawa saplai za kompyuta) ni asilimia 5 juu au chini: njano 11.40 hadi 12.60, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Waya wa kijivu (pini 8) uwe karibu na volti 5. Usipokuwa nazo, mazabodi haitaanza hata kama nyingine zote ziko sawa. Kama nyaya zote ni nyeusi, hesabu pini kwa mchoro. Usikisie.

Sasa pale wengi wanapokosea: hapo umepima bila mzigo. Pawa saplai iliyochoka inaweza kusoma 12.1 ikiwa peke yake, halafu kompyuta ikajizima katikati ya gemu. Rudisha plagi, penyeza ncha ya multimita nyuma yake kando ya waya wa njano, fungua gemu zito, tazama namba. Ikishuka chini ya 11.4, umempata. Usiifungue kuitengeneza, kapasita za ndani hubaki na chaji hata ikishachomolewa.

3. Flashi yenye Memtest86+ na kipande kimoja cha RAM

Programu hii ya kupima RAM ni ya bure, na tangu toleo la 6 inawaka kwenye UEFI (BIOS ya kisasa). Zima kwanza XMP au EXPO (mipangilio ya kukimbiza RAM) kwenye BIOS, weka kipande kimoja kwenye sloti ya pili kutoka kwa prosesa, acha ipige mizunguko kadhaa. Kosa hata moja halikubaliki. Likitokea, hamishia kipande sloti nyingine: kosa likikifuata, RAM ni mbovu, likibaki kwenye sloti, ni mazabodi.

Kwa kipande cha RAM cha akiba, GB 8 zinatosha. DDR4 haiingii kwenye DDR5. Jihadhari na RAM za seva (RDIMM) zinazouzwa kwa bei ya kutupa: za DDR4 zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, ila kwenye mazabodi ya kawaida kompyuta haiwaki.

4. Kadi ya grafiki ya zamani

Ni ya mwenye prosesa ya Intel yenye herufi F, au Ryzen 5000 isiyo na G, maana hizo hazina grafiki ndani. GT 710 inakula wati 19 tu na haihitaji kebo ya ziada. Prosesa yako ikiwa na grafiki, usinunue. Toa kadi, chomeka skrini kwenye mazabodi.

5. Pawa saplai ya akiba

Jibu lake halina ubishi, lakini bei yake inamfaa mwenye mashine zaidi ya moja. Kamwe usitumie kebo za moduli (zinazochomoka) za pawa saplai nyingine: plagi zinaingia, mpangilio wa pini ni tofauti, na volti 12 zikipita njia ya volti 5 diski inaungua.

6. Kipima pawa saplai chenye kioo

Kinafanya nusu ya kazi ya multimita, bila mzigo wa maana. Kinachozidi ni kuonyesha muda wa PG (ishara ya waya wa kijivu kwamba umeme umetulia), unaotakiwa kuwa milisekunde 100 hadi 500.

7. Kadi ya POST

Ni kadi ya kuonyesha kodi za hatua za mwasho. Achana nayo. Nyingi ni za sloti ya PCI, ambayo mazabodi mpya hazina, na za PCIe mara nyingi huishia kuonyesha 00 au FF tu, kwa sababu mazabodi nyingi za kisasa hazipeleki kodi huko. Hela hiyo nunua kebo mbili za SATA na betri ya CR2032. Kebo, kwa sababu namba ya C7 (makosa ya mawasiliano ya diski) kwenye programu ya CrystalDiskInfo ikizidi kupanda, kinachobadilishwa kwanza ni kebo, si diski. Betri, kwa sababu saa na mipangilio ya BIOS inayopotea kila ukichomoa umeme huwa ni kwa sababu ya betri hiyo.