TAHADHARI: Mkora wa makasha ya bunduki "za masetla" yuko hapa Nakuru

Watu wangu wa Nakuru, Njoro, Gilgil hadi Molo, chungeni. Kuna mkora anazunguka akiuza vitu vya kale vya wawindaji Wazungu. Amenila Sh38,000 mchana kweupe, na kabla hamjaanza kunicheka, sikieni kwanza alivyonijia.

Nilikuwa nimetangaza natafuta kitu cha kale cha wawindaji cha kupamba ukuta wangu. Jamaa akanipigia, eti ana kasha la bunduki lililosafiri na Theodore Roosevelt, yule rais wa Marekani aliyekuja kuwinda huku kwetu mwaka 1909. Tukakutana kando ya barabara, Njoro. Hakuwa na haraka hata kidogo. Alitandika gazeti juu ya boneti ya Probox, akalilaza kasha kama anayelaza mtoto mchanga, akafungua vifungo vya shaba kimoja kimoja. Ndani kitambaa chekundu kilichofifia. Kwenye mfuniko, karatasi ya njano imeliwa pembeni, ina jina la watengeneza bunduki wa Uingereza: Holland & Holland, London. Harufu ya ngozi ikanipanda puani. Akasema babu yake alikuwa mbeba bunduki kwenye safari ile, kisha akafuta chozi. Alifuta chozi, jamani! Nikampa pole mzee wa watu, nikampa na pesa.

Na mtu asiniambie sikuchunguza. Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, muda mfupi tu baada ya kutoka urais wa Marekani. Bunduki yake ya mitutu miwili ilitengenezwa na hao hao Holland & Holland, zawadi kutoka kwa Waingereza waliompenda. Hayo yote ni kweli, mwulize mwalimu yeyote wa historia. Huyu shetani ameisoma historia vizuri, akachomeka uongo wake katikati. Wewe ungekataa? Acha basi.

Kesho yake akapiga tena. Sasa bunduki yenyewe imepatikana, iko kwa shangazi yake Molo, ni ya risasi za "tatu sabini na tano" (.375), ile ile ya safari ya Roosevelt. Nitume elfu ishirini za kuishikilia kabla Mhindi mmoja wa Nairobi hajaichukua. Hapo ndipo damu ilinichemka, kwa sababu risasi ya .375 ya Holland & Holland ilitoka mwaka 1912. Roosevelt aliipigia wapi 1909?

Nikachukua tochi nikarudi kwenye kasha. Skrubu za bawaba ni za nyota, hizi hizi za bisibisi ya staa, na hizo zilianza kuuzwa miaka ya 1930. Ile karatasi imeandikwa "London W.1", na namba hizo za posta ziliwekwa London mwaka 1917. Nikapitisha kitambaa chenye maji: rangi ya njano ikatoka yote, kitambaa kikawa kama kimechovywa kwenye strungi. Na ile harufu ya ngozi? Kiwi ya viatu. Kuna mengine, ila nikiyaandika presha inapanda.

Sikieni hili la bunduki, maana ndilo linalomaliza watu. Ukishatuma hiyo amana huna pa kulia. Utaenda kituoni ulalamike kwamba umeibiwa pesa za bunduki, na swali la kwanza litakuwa cheti chako cha silaha kiko wapi. Mkora anajua. Ndiyo maana anaanza na kasha, kitu kisicho na kesi, akuzoee, kisha akupeleke pale usipoweza kufungua mdomo.

Mimi nataka ashikwe. Anyang'anywe hiyo Probox iuzwe, turudishiwe pesa zetu, halafu afungwe, na huko jela asiuzie mtu hata kijiko. Chozi la babu! Babu yake huko aliko, kama yupo kweli, anaona haya. Msimpige, sitaki kesi za watu, lakini asiachwe aondoke.

Ni wa makamo, anavaa koti zito la kijivu hata jua likiwaka, na kila sentensi lazima aseme "kwa heshima ya babu". Laini aliyonipigia imezimwa, bila shaka ana nyingine. Nimeandikisha OB (kitabu cha matukio cha polisi), na kasha silitupi, ni ushahidi. Kama nawe una lako nyumbani, kagua skrubu leo, kisha nitafute twende nayo kituoni pamoja.