Bastola ya mke achague mke: uzoefu wangu na M&P 380 Shield EZ

Ukiingia na mumeo kwa muuza silaha, mkasema mnatafuta bastola ya mke ya kukaa nyumbani, mtatolewa ndogo kuliko zote. Mkono mdogo, bastola ndogo, na wakati mwingine wanakuchagulia hadi rangi ya waridi. Mume wangu naye alikuja na lake: rivolva fupi, ile bastola yenye silinda inayozunguka, ya risasi tano za aina ya .38 Special. Kazi yake humweka safarini, na hoja yake ilikuwa kwamba rivolva haina mambo mengi, unavuta triga na inalia. Nikamwambia sawa, lakini kwanza niipige.

Tuliazima moja kwenye uwanja wa shabaha. Fremu yake ya aluminiamu, uzito gramu 400 hivi, mtutu haufiki sentimita tano. Kuishika raha, kuipiga adhabu. Teke lake lote linaishia kwenye panda ya kidole gumba na cha shahada, na pale pana ngozi na mfupa tu. Kufikia risasi ya tatu nilikuwa nafumba macho kabla ya kuvuta, na triga yenyewe ni nzito kiasi kwamba mtutu unachezacheza kabla nyundo haijaanguka. Karatasi ya shabaha ilikuwa na matundu pembeni, katikati safi.

Wauzaji wengi wanaliruka hili. Risasi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma, na kama risasi ni ile ile, bastola nyepesi hurudi kwa kasi zaidi. Bastola nyepesi ina maana kwa mtu anayeibeba kiunoni kutwa. Yangu inakaa kwenye sefu kando ya kitanda, uzito wake unamsumbua nani? Kwa hiyo ukitaka teke dogo, anza na chuma kingi zaidi na mpini unaojaa kiganjani, ndipo uje kwenye aina ya risasi.

Glock 19 ya mume wangu, ya 9mm, nayo nilishaipiga, na teke lake linavumilika kabisa. Lakini mimi nina baridi yabisi kwenye vidole, na shida yangu ilikuwa slaidi, kile chuma cha juu unachokivuta nyuma ili risasi iingie chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa. Mwalimu wa pale uwanjani alinionyesha namna ya kukoki bila kubana kwa ncha za vidole: lete bastola karibu na kifua, mtutu ukiwa bado unaelekea shabaha, kidole kikiwa mbali na triga, funika slaidi kwa kiganja chote nyuma ya tundu la kutolea maganda, kisha mkono ulioshika mpini ndio usukume mbele kwa nguvu, na ule wa juu ubaki palepale. Unakoki kwa nguvu ya mabega, si ya vidole. Wanawake wengi wanaoambiwa hawana nguvu hawajawahi kuonyeshwa hivi tu. Mimi niliweza kukoki Glock kwa njia hiyo, ila siku vidole vimevimba sikuwa na uhakika, na jambo la uhakika nusu silitaki usiku.

Hapo ndipo nikaijaribu Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ, iliyotoka mwaka 2018. Tupu ina gramu 520 na kitu, mtutu wa milimita 93 hivi, magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ya risasi nane. Ndani ina nyundo iliyofichwa, na springi ya slaidi ni laini kweli. Niliikoki kwa mkono mbovu bila kukunja uso. Magazini ina vitufe viwili pembeni. Unavishusha kwa kidole, na risasi zinashuka moja moja bila kukuchubua kucha. Nilidhani hilo ni pambo la matangazo. Siku hizi ndilo ninalolisifia kuliko yote, maana aliyechoka kujaza magazini hafanyi mazoezi. Juu ya chemba kuna kidude kinachoinuka kidogo risasi ikiwa ndani, unakigusa gizani na kujua.

Teke lipo, tusidanganyane, lakini ni msukumo na si kofi. Mtutu unainuka kidogo, unashuka, na alama ya mbele ya kulengea inarudi machoni kabla sijaitafuta. Macho nayaacha wazi.

Tahadhari moja kwa mnaosikia “.380”, jina la risasi inayotumiwa na EZ, mkadhani bastola zote za risasi hiyo ni laini. Risasi yenyewe ni ya zamani, kazi ya John Browning, ya mwaka 1908, fupi na dhaifu kuliko 9mm ya kawaida. Ila bastola nyingi ndogo za .380 hazina mfumo wa kufunga mtutu na slaidi pamoja wakati wa kufyatua. Zinategemea uzito wa slaidi na springi ngumu. Walther PPK ni ya namna hiyo. Matokeo yake slaidi inakuwa ngumu kuvuta na teke linakuwa kali. EZ ina mtutu unaofungwa, na tofauti unaisikia mkononi.

Sasa yasiyonifurahisha. Nyuma ya mpini kuna sefti, yaani kizuizi cha usalama, ya kubonyezwa na kiganja, usipokamata juu na kwa nguvu bastola hailii. Mwenye mkono dhaifu, ambaye ndiye mlengwa wa bastola hii, lazima afanye mazoezi ya kuikamata vilevile kila anapoinyanyua. Kifundo cha mkono nacho kikilegea, bastola yoyote ya slaidi inaweza kukwama ganda likiwa njiani kutoka. Kuna toleo lenye sefti ya kidole gumba pia. Sisi tulichukua lisilo nayo, kitu kimoja cha kukumbuka kinanitosha.

Halafu nguvu ya risasi. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, hutaka risasi ya ulinzi izame inchi 12 hadi 18 kwenye jeli ya majaribio. Risasi za .380 zenye tundu kichwani mara nyingi huchagua moja: zinapanuka na kuishia njiani, au zinazama bila kupanuka. Mwenye mikono mizima achukue 9mm yenye uzito wa kutosha, wala asihangaike na ninayoandika hapa. Mtu fulani atawashauri bastola ya .22, risasi ndogo zaidi, kwamba haina teke kabisa. Kweli teke lake ni dogo mno, na kwa kujifunzia hakuna kama hiyo, ila baruti yake inawashwa kwenye ukingo wa ganda, na risasi za namna hiyo hugoma kuwaka mara nyingi kuliko za kupigwa katikati.

Na hata hii .380 “dhaifu” inapita ukuta wa mbao nyembamba au jasi ikiwa bado na uwezo wa kuua. Nyumba ina watoto. Kwa hiyo tulipanga kabla ya kununua: watoto chumba gani, mimi najifungia nao wapi, nani anapiga simu polisi, ukuta gani usielekezewe mtutu kamwe. Sefu inafunguka kwa namba, ninazibonyeza nimefumba macho, na watoto hawazijui. Kibali na mafunzo fuateni sheria za mnapoishi.

Ubishi uliobaki ndani ya nyumba ni taa. Chini ya mtutu kuna reli ya kuifunga, na mume wangu anaitaka sana. Mimi nakataa, kwa sababu taa iliyofungwa kwenye bastola inamulika pale mtutu unapoelekea, na sitamwelekezea mtutu mwanangu aliyeamka kunywa maji ili tu nimtambue. Nimenunua kurunzi ya mkononi. Yeye anasema mkono wa pili utakuwa umeshikwa na kurunzi, na hapo ana hoja, ndiyo maana bado tunafanya mazoezi ya kupiga kwa mkono mmoja.