Chatu mwenye jeraha: mkeka wa joto au balbu ya kauri?

Usiku wa Julai Nairobi huwa na baridi, na chatu aliyepoa haponi: kinga ya mwili wake hutegemea joto la nje. Upande mmoja wa boksi uwe nyuzi 30 hadi 32, mwingine 25 hivi, achague mwenyewe.

Mkeka huwekwa chini ya boksi, ukifunika theluthi moja ya sakafu. Haukaushi hewa sana. Hatari yake ni kwamba bila themostati (kifaa kinachodhibiti joto) hupanda kupita kiasi, na nyoka dhaifu hulala palepale hadi tumbo liungue. Kihisio cha themostati, yaani ncha inayopima joto, kibanwe kati ya mkeka na boksi, kisiachwe kikining'inia hewani. Jeraha likiwa tumboni, usiutumie kabisa.

Hapo balbu ya kauri ndiyo bora. Hupasha kutoka juu bila mwanga, kwa hiyo haimsumbui usiku. Nayo pia inataka themostati, soketi ya kauri (ya plastiki huyeyuka), na wavu wa waya kuizunguka, kwani chatu ataipanda na kujizungushia. Hukausha hewa, na ngozi kuukuu hung'ang'ania kwenye kidonda wakati wa kujivua. Ongeza karai la maji.

Kwa kidonda cha mgongoni tunachagua mkeka. Stima ikipotea, funga chupa ya lita 2 ya maji moto kwa taulo nene. Sakafuni tandika karatasi, ubadilishe kila siku. Maranda hunata kwenye kidonda.