Massey Ferguson 135 kwenye miteremko ya Mbeya

Nimelimia Massey Ferguson 135 misimu mitatu, viazi na mahindi, katika shamba la mteremko juu ya Uyole. Ni trekta dogo lililoanza kuundwa mwaka 1964, lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, na nguvu za farasi zipatazo 45. Asubuhi za Julai, baridi ikiwa kali, huwaka bila kusumbua, na halina mfumo wa elektroniki wa kumshinda fundi wa kawaida.

Sifa yake kubwa ni haidroliki, yaani mfumo wa shinikizo la mafuta unaonyanyua plau. Plau likikutana na udongo mgumu, mkono wa juu unaoliunganisha na trekta husukuma springi, nayo haidroliki hulinyanyua plau kidogo na kuhamishia uzito kwenye magurudumu ya nyuma, ndiyo maana trekta jepesi kama hili hukatua bila kuteleza ovyo. Ukitaka kina kisichobadilika, kuna wenzo wa pili.

Tatizo la langu ni Multi-Power, kifaa kinachogawa kila gia mara mbili, upande wa mwendo mdogo na upande wa mwendo mkubwa, hivyo gia 6 za mbele zikawa 12, nawe hubadilisha mwendo bila kukanyaga klachi. Aliyeniuzia alizisifia sana hizo gia 12. Hakutaja kwamba ukiwa upande wa mwendo mdogo injini haizuii magurudumu. Nililijua hilo nikishuka na tela la magunia kumi na tano ya viazi: niliachia mafuta, injini ikabaki kunguruma taratibu kama vile trekta limesimama, huku likizidi kasi, mpaka nilipobana breki zote mbili. Upande wa mwendo mkubwa injini huzuia kama kawaida, kwa hiyo teua upande huo kabla ya kuanza kushuka. Ukizima injini, shinikizo la mafuta linaloendesha Multi-Power huisha, na gia haiwezi tena kulishikilia trekta lisibingirike kwenda mbele.

Kwa mashamba tambarare ya Usangu ningeichukua Multi-Power bila kusita, mradi tope si la kuzamisha, kwani trekta hili linavuta kwa magurudumu mawili tu. Kwa milima yetu, tafuta lenye gia 6 za kawaida, na ulifungie fremu ya kumkinga dereva, kwani mengi ya zamani hayana. Langu nikilisimamisha mteremkoni, mguu hautoki kwenye breki hadi kijana atakapoweka jiwe mbele ya gurudumu.